Mafunzo Endelevu ya Tiba ya Kisasa ya Mionzi kwa Madaktari wa Kanda ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari wa Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga wanaotaka kujiendeleza katika tiba ya saratani kwa mionzi, au wanaowapokea wagonjwa waliokwisha kupata tiba hiyo. Maswali yametoka kwa madaktari wenyewe, na mengi yaliulizwa wakati wa chai, baada ya somo kwisha, pale ambapo mtu haoni aibu tena kuuliza. Majibu yameandikwa na daktari wa saratani anayeshiriki kufundisha, na palipo na maoni yangu binafsi nimesema wazi kwamba ni maoni yangu.

Je, mafunzo haya ni ya madaktari bingwa wa saratani peke yao?

Hapana. Bingwa wa saratani ndiye anayeidhinisha mpango wa tiba, lakini mgonjwa hupita kwenye mikono mingi kabla ya kumfikia na baada ya kuachana naye. Daktari wa upasuaji ambaye hakuacha vibanio vidogo vya chuma mahali alipotoa uvimbe wa titi humwacha mwenzake akikisia mahali pa kuelekeza mionzi. Daktari wa patholojia asipoandika kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, mpango wote unajengwa juu ya dhana. Naye daktari wa wilaya ndiye anayempokea mgonjwa akiwa na kidonda cha ngozi, kuhara au maumivu ya kukojoa wiki mbili baada ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo masomo ya kuchora na kupanga tiba ni ya mabingwa na wanaosomea ubingwa, na masomo ya rufaa, dharura na madhara ya mionzi ni ya kila daktari.

Nilifundishwa kwenye mashine ya kobalti. Je, elimu yangu imepitwa na wakati?

Haijapitwa na wakati, ila hatari imehama mahali pake, na hilo ndilo jambo ninalopenda kila anayejiunga nasi alielewe kabla ya jambo lingine lolote.

Mashine za kobalti zilianza kutibu wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951, na mpaka leo zinaokoa maisha. Zina uimara wake: hazihitaji umeme mwingi wala mafundi wengi, na mwenendo wake unatabirika kwa sababu chanzo cha kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani takribani asilimia 1 kwa mwezi na asilimia 12 kwa mwaka. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chanzo kikiwa kipya atahitaji dakika nne miaka mitano na ushei baadaye, na anayesahau kurekebisha hesabu hiyo humpa mgonjwa dozi pungufu huku kila mtu akidhani mambo yako sawa.

Kwenye kobalti, hata hivyo, tulizoea kuelekeza mionzi kwenye eneo la mraba au mstatili lenye nafasi ya kutosha pembeni, na daktari akikosea kwa sentimita moja, kosa hilo lilimezwa na ukubwa wa eneo. Linaki ya kisasa, yaani mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, haifanyi hivyo. Ina bamba nyembamba za metali zinazosogea wakati mashine inamzunguka mgonjwa, na mionzi hukunjwa kufuata umbo la uvimbe hata pale unapopinda kuzunguka neva za uti wa mgongo au tezi ya mate. Kompyuta hupokea mchoro wa daktari na kuutii kikamilifu. Ukisahau kundi moja la matezi ya nyonga, mashine italikwepa kwa ustadi uleule inaoutumia kukwepa utumbo, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Utakuja kujua baada ya mwaka mmoja au miwili, mgonjwa atakaporudi na uvimbe mahali ambapo kalamu yako haikupita.

Kwa sababu hiyo mtu aliyetoka kwenye kobalti haanzi upya. Anajua biolojia ya mionzi, anajua dozi, anajua kumtazama mgonjwa. Anachoongeza ni anatomia ya kwenye picha, na kwa wengi wetu hicho ndicho kigumu.

Kuchora mipaka ya uvimbe kunafundishwaje?

Kunafundishwa kwa kuchora, kufutiwa na kuchora tena. Sijaona njia nyingine iliyofanikiwa.

Kila mshiriki hupewa picha zilezile za skani ya CT za mgonjwa mmoja, majina yakiwa yameondolewa, pamoja na maelezo ya ugonjwa. Anachora kwanza uvimbe unaoonekana kwa macho, ambao vitabu vyetu vinauita GTV. Kisha CTV, yaani eneo ambalo seli za saratani huenda zimejificha ingawa picha haizioneshi. Kisha kunaongezwa PTV, ambayo ni nafasi ya tahadhari kwa ajili ya mwili unaopumua, kibofu kinachojaa na kulala kwa mgonjwa kunakotofautiana leo na jana. Baada ya hapo michoro yote huwekwa kwenye ukuta mmoja, kila mmoja kwa rangi yake.

Hapo ndipo chumba kinaponyamaza. Katika kipindi kimoja tulikuwa saba, mgonjwa ana saratani ya mlango wa kizazi, na mistari ya kijani, nyekundu, buluu na mingine ilipowekwa pamoja ilionekana kama nyavu zilizotupwa na wavuvi wasiojuana. Watatu walianza kuchora matezi ya nyonga pale mshipa mkuu wa damu unapogawanyika, wawili walianza chini zaidi, mmoja aliingiza sehemu kubwa ya utumbo mwembamba bila sababu, na mmoja, ambaye ni mkongwe kuliko sote, alisahau matezi yaliyo mbele ya mfupa wa sakramu. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alikuwa amechora peke yake kwa miaka bila mtu wa kumtazama begani.

Baada ya mjadala tunafungua mwongozo wa kimataifa na kulinganisha, kisha kila mtu anachora upya mgonjwa yuleyule bila kutazama mchoro wake wa kwanza. Tofauti kati ya mchoro wa kwanza na wa pili ndiyo mtihani wetu, na kwa maoni yangu inapima zaidi kuliko maswali ya kuchagua jibu.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazochora zenyewe. Kwa nini nijisumbue?

Programu hizo huchora vizuri viungo vya kawaida kama mapafu, figo na vichwa vya mifupa ya mapaja, na zitakupunguzia saa nyingi. Uvimbe wenyewe, hasa uliokwisha kuvunja mipaka ya kiungo kama tunavyouona sana huku kwetu, bado unahitaji daktari aliyempima mgonjwa kwa mkono wake. Pia huwezi kusahihisha mchoro usioweza kuuchora mwenyewe.

Je, ni kweli kwamba sasa tunaweza kutoa mionzi kwa siku chache zaidi?

Ndiyo, kwa baadhi ya saratani, na kwa mkoa wenye visiwa hili si jambo dogo.

Kwa muda mrefu saratani ya titi ilitibiwa kwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika siku 25, yaani wiki tano. Utafiti wa Uingereza ulionesha kwamba grei 40 katika siku 15 zinatosha, na mwaka 2020 utafiti mwingine wa huko huko ulitoa matokeo ya miaka mitano ya grei 26 katika siku tano tu. Kwa maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani, dozi moja ya grei 8 hupunguza maumivu sawasawa na dozi ndogo za siku kumi, ingawa wagonjwa waliopata dozi moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Fikiria mzee kutoka Ukara ambaye kila safari kwake ni boti, kisha Nansio, kisha feri, kisha daladala au bodaboda mpaka mlima wa Bugando, iliko hospitali. Kumlaza mjini wiki mbili kwa ajili ya maumivu yanayoweza kutulizwa kwa siku moja ni kumnyima siku zake.

Hata hivyo, wakufunzi wetu husisitiza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wengi wa wanawake walioshiriki tafiti hizo walikuwa na uvimbe wa hatua za mwanzo, na sisi wengi tunaowapokea wamechelewa, kwa hiyo matokeo hayo hayahamishwi kwa pupa. La pili ni hesabu rahisi: kosa la siku moja katika tiba ya siku 25 ni sehemu moja ya 25 ya dozi, na kosa hilohilo katika tiba ya siku tano ni sehemu ya tano nzima. Kadiri siku zinavyopungua, ndivyo ukaguzi wa kila asubuhi unavyopaswa kuwa mkali. Kituo ambacho bado hakijawa na mazoea ya kupiga picha ya uhakiki kabla ya kutibu kianze na siku 15, kitulie hapo kwanza.

Kwa nini mionzi ya ndani inapewa muda mrefu hivyo kwenye ratiba?

Kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayojaza kliniki zetu, na bila mionzi ya ndani ugonjwa uliokwisha kusogea mbele hauponywi ipasavyo. Mgonjwa hupata kwanza mionzi ya nje, kwa kawaida grei 45 au zaidi kidogo katika wiki tano, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kemikali ya saratani, mara moja kwa wiki ikiwa figo zinaruhusu. Kisha vifaa huingizwa kwenye mfuko wa uzazi na chanzo kidogo cha mionzi hupelekwa ndani ya uvimbe wenyewe. Kuna madaktari wanaodhani kwamba linaki nzuri inaweza kuchukua nafasi ya hatua hii ya pili. Haiwezi, na tafiti zinazolinganisha wagonjwa waliokosa mionzi ya ndani zinaonesha kuwa hufariki mapema zaidi.

Somo hili haliwezi kufundishwa kwa maelezo matupu. Chukua jambo linaloonekana dogo kuliko yote, shashi. Baada ya kuweka vifaa, daktari hupakia shashi iliyolowana kati ya vifaa hivyo na kibofu upande wa mbele, kisha kati ya vifaa na puru upande wa nyuma. Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukisogeza ukuta wa puru kutoka sentimita moja hadi sentimita mbili, dozi inayoufikia inashuka hadi karibu robo. Mwanafunzi anayesukuma shashi kwa haraka kwa sababu mgonjwa analalamika anaweza kuwa anamwandalia mama huyo kutokwa damu kwenye haja kubwa miezi kumi na minane baadaye. Ndiyo maana tunaanza na dawa ya maumivu ya kutosha, ambayo katika baadhi ya vituo ilizoeleka kurukwa, na baada ya hapo tunafundisha mkono: vipande vifupi, shinikizo sawa, bila kusukuma vifaa vitoke mahali pake.

Njia ya kisasa hutumia MRI, na pale MRI isipopatikana kila mara, CT au picha ya mawimbi ya sauti, ili dozi ifuate umbo la uvimbe uliobaki. Lengo linalotajwa kimataifa kwa uvimbe huo ni jumla ya grei 85 au zaidi, ukijumlisha mionzi ya nje na ya ndani kwa hesabu ya ulinganifu, huku puru na kibofu vikilindwa kwa mipaka yake.

Mara nyingi tunaulizwa pia kuhusu aina ya chanzo. Iridi-192 hupungua kwa nusu kila siku 74 hivi, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kobalti-60 iliyotengenezwa kwa mashine za aina hii hukaa miaka kadhaa. Kwa kituo kilicho mbali na bandari kuu, ambacho kila chanzo kipya kinahitaji vibali, usafiri na forodha, mimi ningechagua kobalti bila kusita.

Je, saratani za ukanda wetu zinapewa nafasi, au tunafundishwa za Ulaya?

Mifano yote ya kuchora inatokana na wagonjwa wa aina tunayoiona hapa. Mfano ni saratani ya kibofu cha mkojo. Katika nchi tajiri saratani hiyo huhusishwa zaidi na sigara, na seli zake huitikia mionzi kwa namna fulani. Katika Usukuma tunaiona ikifuatana na kichocho cha mkojo, ikiwa na seli za aina nyingine, kubwa na iliyochelewa, kwa hiyo mpango wa kuhifadhi kibofu ulioandikwa vitabuni mara nyingi haufai. (Watu wa mjini hudhani ni ugonjwa wa wavuvi. Kichocho cha ufukweni ni hasa kile cha matumbo. Kile cha mkojo kiko zaidi bara, kwenye majaruba ya mpunga na malambo. Muulize mgonjwa alilima wapi utotoni, usimuulize tu kama alivua.)

Tunashughulikia vilevile saratani ya umio, inayoisumbua Afrika Mashariki nzima, pamoja na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino, ambapo swali gumu ni lini upasuaji uwe wa kwanza na mionzi isubiri. Ugonjwa wa Burkitt, saratani ya matezi kwa watoto, unatajwa ili tu kukumbusha kwamba tiba yake ni dawa za kemikali, na mtoto huyo hatakiwi kupoteza siku akisubiri foleni ya mionzi.

Mgonjwa wangu alikosa siku nne kwa sababu ya msiba. Je, aendelee pale alipoishia?

Swali hili linaulizwa kila mara, na kwa bahati mbaya mara nyingi linakuja likiwa limechelewa.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi tunataka tiba yote, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hapo inakadiriwa kupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa takribani asilimia 1, na kwa kichwa na shingo hasara hiyo huwa kubwa zaidi kidogo. Seli zilizosalia huanza kugawanyika upya mgonjwa akiwa matangani. Kuongeza siku nne mwishoni hakufidii. Tunachofundisha ni kufidia ndani ya muda uleule: kutibu Jumamosi, au kutibu mara mbili kwa siku kukiwa na angalau saa sita katikati, au, ikishindikana, kukokotoa upya dozi pamoja na mtaalamu wa fizikia tiba.

Daktari aliyempa mgonjwa rufaa ana sehemu yake hapa. Kabla ya kuondoka Bunda au Chato, mgonjwa na ndugu zake waambiwe kwamba tiba ni ya wiki saba au nane mfululizo, wapange atakapolala na nani atamsindikiza, na wakubaliane mapema nini kitafanyika ukitokea msiba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea watu wa Geita na Chato kisingizio cha foleni ya feri. Watu wa Ukerewe bado wanasubiri upepo.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya. Nijue nini hasa?

Mambo machache, lakini kwa uhakika.

Mgonjwa wa saratani anayelalamika maumivu ya mgongo na miguu kuishiwa nguvu aanzishiwe deksamethasoni, dawa ya kupunguza shinikizo kwenye uti wa mgongo, na apewe rufaa siku hiyohiyo kwa simu, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Anayefika akitembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Anayefika akiwa amepooza tangu juzi mara nyingi harudishi miguu yake. Mama anayetokwa damu nyingi ukeni kwa uvimbe wa mlango wa kizazi afungwe shashi, aongezewe damu na asafirishwe, kwa sababu dozi chache za mionzi husimamisha damu hiyo. Mgonjwa mwenye uvimbe wa nyonga apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo, na picha ya figo kabla ya safari, maana akifika huku figo zimeziba tunapoteza wiki mbili kabla ya kuanza sisplatini.

Rufaa iende na jibu la patholojia. Wagonjwa wanaofika na karatasi iliyoandikwa "uvimbe, tafadhali saidia" huanza safari upya wakiwa mjini, tena kwa gharama yao.

Mgonjwa anayeishi na virusi vya UKIMWI hutibiwa kwa mionzi kama wengine, na dawa zake za kufubaza virusi haziachwi.

Wagonjwa huniuliza kama mionzi ya mashine itabaki mwilini na kumdhuru mtoto nyumbani. Nijibu nini?

Jibu ni hapana. Mionzi ya nje ikizimwa imekwisha, kama taa. Mwenye vifaa vya mionzi ya ndani pia huondoka bila chanzo mwilini katika njia tunayoitumia. Mwambie alale na mjukuu wake.

Je, makosa yanajadiliwa wazi katika mafunzo haya?

Yanajadiliwa, na kipindi hicho huwa hakina mtu anayesinzia.

Tunaanza na yaliyochapishwa. Mwaka 1996, San José nchini Costa Rica, chanzo cha kobalti kilibadilishwa, na wakati wa kupima nguvu ya chanzo kipya, dakika 0.3 zilichukuliwa kuwa sekunde 30 badala ya 18. Nguvu ya mashine ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa, muda wa kila mgonjwa ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapata dozi kubwa mno. Nchini Panama, kati ya mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walizidishiwa dozi kutokana na namna taarifa za vizuizi vya mionzi zilivyoingizwa kwenye kompyuta, bila mtu kukokotoa kwa mkono na kulinganisha. Katika visa vyote viwili mashine zilifanya kazi kama zilivyoagizwa.

Kisha tunasimulia ya kwetu. Mimi husimulia langu kwanza ili wengine wapate ujasiri. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliandika "titi la kulia" kwenye fomu ya mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto. Alikuwa mama mtu mzima, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni. Mteknolojia alipokuwa anamweka sawa kitandani na kumchora alama kwa kalamu ya wino, mama akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo pazima. Mbona hamnioneshi kama mnapajua palipokatwa?" Mteknolojia alisimamisha kila kitu na kunipigia simu. Nilishuka ngazi nikiwa nimejiandaa kumwambia asome fomu vizuri, na fomu ilikuwa na mwandiko wangu.

Tangu siku hiyo sitii saini kabla ya kumwuliza mgonjwa mwenyewe aoneshe kwa kidole. Tunawafundisha madaktari kwamba mteknolojia ana haki ya kusimamisha tiba bila kuomba radhi, na kwamba daktari anayemkaripia kwa kufanya hivyo amefunga mlango ambao siku moja atauhitaji.

Kwa nini daktari afundishwe fizikia wakati kuna mtaalamu wake?

Ili aweze kuuliza maswali. Hatarajiwi kupima mashine. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa fizikia tiba, chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Anatarajiwa kujua kwamba upimaji wa dozi unafuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, na kwamba shirika hilo kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani huhakiki mashine kwa vipimo vinavyotumwa kwa posta tangu mwaka 1969. Mwulize mtaalamu wako matokeo ya mwisho yalikuwaje. Kama hajui, hapo una mazungumzo ya kufanya.

Je, naweza kusoma kwa intaneti bila kuja Mwanza?

Kwa sehemu. IAEA ina masomo ya bure mtandaoni, yakiwemo ya sayansi za msingi za saratani, na kuna tovuti za kujifunzia kuchora zinazofunguka hata kwa simu. Mikutano ya kujadili wagonjwa kwa njia ya video pia ni shule nzuri, mradi uwe na mgonjwa wako wa kuwasilisha, kwa sababu anayesikiliza tu husahau. Mpango wa IAEA wa Miale ya Matumaini, uliozinduliwa mwaka 2022, umeongeza msukumo wa vifaa na mafunzo barani Afrika.

Shida ni mbili. Masomo mengi yako kwa Kiingereza cha kasi, na umeme ukikatika katikati ya mchoro unapoteza kazi ya saa nzima, kwa hiyo hifadhi kila baada ya dakika chache. Kuchora unaweza kujifunza ukiwa Musoma. Kupakia shashi huwezi.

Je, tunaruhusiwa kujadili picha za wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp?

Si kama mlivyozoea. Jina, namba ya faili na uso wa mgonjwa viondolewe kabla picha haijatoka hospitalini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu daktari kama inavyoihusu benki.

Cheti cha mafunzo haya kinanifanya kuwa bingwa?

Hapana. Ubingwa wa saratani unasomewa chuoni kwa miaka kadhaa. Mafunzo endelevu yanakusaidia kutunza leseni yako kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hudai ushahidi wa kujiendeleza, na zaidi ya hapo yanakusaidia kutenda vizuri kazi ambayo tayari unaruhusiwa kuifanya. Daktari anayerudi na cheti cha siku tano akaanza kuidhinisha mipango peke yake ni hatari kuliko alivyokuwa kabla ya kuja.

Mganga mfawidhi anakataa kuniruhusu kwa sababu wodi itabaki bila daktari. Nifanyeje?

Mganga mfawidhi ana hoja. Omba kuja siku mbili kila mwezi badala ya wiki mbili kwa mkupuo; wengi wamekubaliwa hivyo, na kwa uzoefu wangu wanaokuja kidogo kidogo hushika zaidi.

Nije na nini?

Njoo na wagonjwa wako watatu kwa maandishi, bila majina: mmoja uliyemtibu na unaamini ulimtibu vizuri, mmoja uliyeshindwa kuamua, na mmoja ambaye mambo yalikwenda kombo. Washiriki wengi huja na wawili wa kwanza na kusema wa tatu hawamkumbuki. Tunawapa karatasi na kuwaacha nje kwenye benchi linalotazama ziwa, na kabla chai haijapoa huwa wamemkumbuka.